Umeme wa kabini lori likiwa limeegeshwa: kipi kinunuliwe kwanza

Dereva anayesubiri zamu ya kupakia Kurasini, Dar es Salaam, au aliyelala katika yadi kando ya Barabara ya Mandela kwenye joto la Februari, hahitaji umeme mwingi kama anavyodhani. Feni ya wati 40 ikizunguka saa 10 hula wati-saa 400, friji dogo la kompresa huongeza kama 250, na simu pamoja na taa hazifikishi 100. Hesabu hiyo, ambayo jumla yake ni wati-saa 750 hivi kwa usiku, inapaswa kutangulia safari ya Kariakoo, kwa sababu wauzaji wengi huanza kumwonyesha mteja inveta kubwa, ilhali inveta haitunzi umeme wowote; hugeuza tu umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani.

Nafasi ya kwanza ninaipa jozi ya pili ya betri, mbali na ile ya kuwashia injini, zile zinazouzwa kama betri za sola, ambazo huvumilia kutumiwa polepole kwa muda mrefu. Betri mbili za volti 12 na ampea-saa 100 kila moja, zikiungwa kwa mfululizo ili kupata volti 24 za lori, hubeba wati-saa 2,400. Na kwa kuwa betri za risasi na asidi kama hizi huchakaa haraka zikishushwa chini ya nusu, za kutumia ni 1,200, nazo zinatosha. Fundi afunge swichi ya kutenganisha inayojiendesha yenyewe, ili alteneta (mashine ya kuzalisha umeme inayozungushwa na injini) ichaji jozi zote mbili gari likitembea, na injini ikizimwa kabini itumie jozi yake peke yake. Betri za lithiamu ni nyepesi na huruhusu kutumia zaidi ya asilimia 80, ila bei yake ni kubwa na zinahitaji chaja yake maalumu kati yake na alteneta. Feni na friji za volti 24 zikipatikana, zinunuliwe hizo, maana umeme haupotei njiani. Inveta ya wati 600 hadi 1,000, inayotoa wimbi laini kama la umeme wa nyumbani, ibaki kwa kompyuta na vifaa vya namna hiyo. Wati 1,000 kwenye volti 24 ni zaidi ya ampea 40, kwa hiyo waya uwe mnene na mfupi, na fyuzi ikae jirani kabisa na betri.

Paneli ya sola ya wati 200 inafuata, kama nyongeza kwa lori linalokaa foleni siku mbili tatu bila kuwashwa. Kwa kabini zinazoinamishwa mbele, waya wake uachiwe urefu wa kutosha, la sivyo utakatika siku fundi atakapotaka kuifikia injini.

Asiye na fedha za betri za ziada anaweza kufunga inveta ndogo kwenye betri za kuwashia, mradi kuwe na kifaa kinachokata umeme volti zikikaribia 24, vinginevyo asubuhi ni kutafuta mtu wa kubusti. Hapa kuna tabia mbaya iliyozoeleka: kuvuta volti 12 za redio kutoka betri moja tu kati ya mbili. Betri hiyo hubaki na njaa huku mwenzake akichajiwa kupita kiasi, na muda si mrefu zote mbili hufa. Kibadilishi cha volti 24 kwenda 12 kinaepusha hasara hiyo.

Jenereta ndogo ya petroli ninaiweka karibu na mwisho. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua aliyelala, na karibu na malori ya mafuta haifai kabisa. Nafasi ya mwisho ni kuiacha injini ikiunguruma usiku kucha: hata kwa lita 2 tu kwa saa, usingizi wa saa 8 unateketeza lita 16 za dizeli kwa ajili ya feni na simu.