Chanjo ya ugonjwa wa miguu na midomo kwa ndama: huduma naipa nyota 4 kati ya 5

Naongelea huduma ya daktari wa mifugo aliyetuchanjia ndama. Kilichonifurahisha kuliko vyote, kabla hata hajagusa sindano aliuliza mama zao wamechanjwa au la na kila ndama ana umri gani. Wengine hili swali wanaliruka kabisa na ndo lenyewe, maana ndama akinyonya dang'a (maziwa ya kwanza baada ya kuzaa) la ng'ombe aliyechanjwa anapata kinga ya mama, sasa hiyo kinga ikiwa bado ina nguvu inaizuia chanjo isifanye kazi, yaani umemchoma bure. Wadogo akasema tuwaache kwanza mpaka wafike kama miezi 4 hivi. Mtu anaacha hela ya dozi kwa sababu ndama hajafika umri, huyo mi namwamini.

Chanjo alikuja nayo kwenye boksi la barafu lenye kipimajoto, inatakiwa nyuzi 2 mpaka 8, na chupa hazikugusana na barafu, maana ikiganda nayo imeharibika kama iliyopata joto. Sindano mpya kila ndama. Buti alizisafisha kwa dawa kabla ya kuingia zizini, na hapo nampongeza sana kwa sababu virusi vya ugonjwa huu vinabebwa na viatu, nguo, hata matairi. Nikamuuliza chanjo ni ya aina gani akanionyesha lebo bila kukasirika. Muulizeni na nyie jamani, virusi viko aina 7 na chanjo ya aina ya O haimkingi ng'ombe na aina nyingine kama SAT 2, lazima iendane na aina inayozunguka eneo lenu.

Baada ya wiki 4 hivi akarudi mwenyewe kwa dozi ya marudio, bila kukumbushwa.

Nyota moja nimeikata kwa sababu hakutuambia kwamba pale alipochoma panaweza kuvimba, tukaona uvimbe shingoni tukashikwa na hofu, kumbe ni kawaida na unapungua taratibu. Halafu hakuacha karatasi yoyote yenye tarehe na namba ya toleo la chanjo.

Kwa ndama hili sio jambo la kuahirisha kabisa. Mkubwa utamwona anatoka mate, anachechemea, ana malengelenge mdomoni, ila kwa ndama virusi vinaweza kushambulia moyo akafa ghafla hata kidonda hujakiona. Dozi nyingine ni baada ya miezi 6, nitamwita huyuhuyu, ila karatasi naidai kabla hajafunga boksi lake.