Tope na kokoto: ukinunua kinga ya bodi ya gari, anzia kwenye tairi

Gari langu la kwanza lilikuwa Toyota IST nyeupe, na kutoka barabara kuu hadi nyumbani ilikuwa njia ya vumbi kiangazi, tope masika. Ndani ya miaka miwili ule ukingo wa chini ya milango ulichunika rangi hadi bati likaonekana. Boneti ilibaki inang'aa, kwa sababu nilikuwa naipaka nta kila mwezi. Pesa yangu yote iliishia mahali ambapo gari halikuwa likipigwa.

Tairi likizunguka huchota kokoto na tope na kuvirusha nyuma. La mbele hupiga ukingo wa milango na sehemu ya chini ya mlango wenyewe, la nyuma hupiga bampa la nyuma pamoja na kioo cha anayekufuata. Kwa hiyo vitu vya kukinga bodi navipanga kwa kuanzia kwenye tairi kwenda nje: kinachozuia jiwe lisifike kinatangulia, kinachoimarisha rangi kinafuata.

Namba moja kwangu ni kitu ambacho wengi hawakijui kuwa kinanunuliwa: zile plastiki nyeusi za ndani ya fenda. Kata usukani hadi mwisho, chuchumaa, mulika kwa tochi juu ya tairi la mbele. Ukiona bati, nyaya au chupa ya maji ya waipa, basi plastiki haipo. Magari mengi ya mtumba yanatembea hivyo. Fundi aliifungua ili afikie taa, vibanio vikakatika, akaamua kutoirudisha. Bila hiyo, tope linaingia kati ya fenda na nguzo ya mlango na kukaa humo wiki nzima likiwa na unyevu. Kutu inaanzia ndani. Siku utakayoona rangi imevimba kama lengelenge, bati la nyuma yake limeshakwisha. Plastiki hizi zinapatikana kwenye maduka ya spea za mtumba, Kariakoo na Ilala kwa Dar es Salaam, Kirinyaga Road kwa Nairobi. Beba picha ya gari lako na mwaka wake, na kumbuka ya kushoto haiingii kulia. Nunua na pakiti nzima ya vibanio vipya, kwa sababu vya zamani havishiki tena.

Namba mbili ni madigadi, yale mapande yanayoning'inia nyuma ya tairi, na hapa ndipo pa kuchagua kwa makini. Yako ya aina tatu sokoni. Kuna yaliyofinyangwa kwa ajili ya aina ya gari lako: yanakaa vizuri, yanatumia matundu ya skrubu yaliyopo, lakini mengi ni mafupi na ya plastiki ngumu. Yanatosha kwa anayeendesha kwenye lami na changarawe kidogo. Kuna karatasi ya mpira unaokatiwa na fundi kwa kipimo chako. Ni ya bei rahisi, inafunika vizuri, lakini ikiwa nene mno inakuwa nzito, na uzito huo ukicheza kila siku unavuta skrubu hadi zinapasua bati. Ya tatu ni madigadi ya poliurethani au EVA laini, yaani plastiki zinazopinda kama mpira, jamii ya yale mapana yanayoning'inia kwenye magari ya Safari Rally kule Naivasha. Kwa anayeishi nje ya lami, mimi nachagua haya, hata kama bei inauma. Yanapinda yakigusa jiwe kisha yanarudi.

Dukani, likunje moja kwa mikono hadi ncha zikutane. Likiacha mstari mweupe kwenye kunjo, acha. Hilo litapasuka siku ya kwanza ukirudi nyuma ukapanda ukingo wa barabara. Angalia pia upana: digadi lifunike tairi lote, na zaidi kidogo upande wa nje. Kama umeweka tairi pana au spesa (kile kipande cha kusogeza tairi nje) na tairi limetokeza nje ya fenda, madigadi ya kawaida hayatakusaidia.

Kufunga nako kuna madhara yake. Fundi akitoboa tundu jipya kwenye fenda, hakikisha anapaka rangi ya kuzuia kutu kwenye kingo za tundu kabla ya skrubu kuingia, na skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Mimi sikuangalia hilo nilipokuja kuifungia ile IST madigadi. Kutu ya gari lile ilianzia kwenye matundu yenyewe ya madigadi. Acha sentimita 10 hadi 15 kutoka chini, kisha kata usukani kushoto na kulia hadi mwisho, gari likiwa na abiria, uone kama tairi linagusa.

Tatu ni dawa ya lami ya kupaka chini ya gari. Inafaa zaidi kwa walio pwani, wenye hewa ya chumvi, na kwa gari lililotoka sehemu za theluji za Japani kama Hokkaido, ambako barabara humwagiwa chumvi. Lakini ikipakwa juu ya kutu au tope lenye unyevu, inafungia ugonjwa ndani. Chini paoshwe, pakauke kabisa, kutu ikwanguliwe kwanza. Isipakwe kwenye breki, ekzosi, wala kwenye vitundu vya kutolea maji chini ya milango.

Nne ni filamu ya kulinda rangi, ile inayobandikwa kama stika isiyo na rangi. Rangi ya kiwandani ina unene wa takriban mikroni 100 hadi 150 (mikroni elfu moja ni milimita moja). Filamu nzuri yenyewe ina 150 hadi 200, kwa hiyo ni kama ngozi ya pili. Kuivisha gari zima ni gharama kubwa sana. Bandika bampa la mbele, ncha ya boneti na ukingo wa milango, basi. Kwenye boneti ina kazi halisi, maana kokoto za pale zinarushwa na lori lililo mbele yako na madigadi yako hayahusiki.

Nta ni ya tano. Inafanya tope litoke kwa urahisi, ila haizuii jiwe, na sabuni ya unga ya waosha magari wengi inaiondoa upesi. Ya mwisho ni seramiki, dawa ya majimaji inayopakwa juu ya rangi ikaganda. Inang'aa kweli na inadumu kuliko nta, lakini ni tabaka la mikroni chache tu. Anayekuuzia kwa kukuahidi kwamba kokoto haitachuna rangi anakudanganya.

Ukishafunga madigadi, mvua ya kwanza ikinyesha usikimbilie kuosha. Acha tope likauke, kisha tazama limechora hadi wapi. Likiwa limepanda juu ya ukingo wa mlango, madigadi ni membamba au yako mbali mno na tairi, mrudishie fundi. Ukishaona hayo, mwagia maji mengi kuanzia ndani ya fenda kwenda juu, na usiguse rangi kwa kitambaa mpaka mchanga wote uwe umeondoka.