Kiwix miezi minane kwenye maktaba ya shule: nyota nne, ya tano nimeizuia

Maktaba yangu ipo Lushoto. Ina meza nne, kompyuta sita ambazo kwa umri wao zingekuwa kidato cha kwanza, na intaneti ya bando la simu yangu mwenyewe. Mwaka jana nilikuwa nanunua bando la wiki, Jumatano limeisha. Darasa moja tu likija kutafuta picha za mmomonyoko wa udongo, kwisha habari. Mpwa wangu wa Dar aliponieleza kuwa kuna programu ya kuiweka Wikipedia ndani ya simu ukaisoma hata mahali pasipo na mnara, sikumwacha amalize. Nikamwambia anishushie huko huko ofisini kwao, aje nayo Pasaka.

Inaitwa Kiwix. Ni ya bure, haina matangazo, haitaki namba ya simu wala kujisajili. Ilianza mwaka 2007 na watunzaji wake wako Uswisi. Programu yenyewe ni kabati tupu. Vitabu unaviweka wewe, na kila kitabu ni faili moja kubwa linaloishia na herufi zim. Ipo Wikipedia ya lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo, ipo kamusi ya Wiktionary, vipo vitabu vya kale vya Project Gutenberg na makala za tiba.

Kabla hujashusha chochote, soma jina la faili. Ukiona "maxi" ujue ni makala kamili pamoja na picha, "nopic" ni maandishi yote bila picha, na "mini" ni utangulizi tu wa kila makala. Wikipedia ya Kiingereza yenye picha inazidi GB 100, kwa hiyo mimi nilichukua isiyo na picha. Ya Kiswahili niliichukua na picha zake, maana hiyo inakaa hata kwenye simu ya kawaida bila kusukumana na picha za harusi.

Kadi yangu ya kumbukumbu ni ya GB 128, mpya. Nikaanza kunakili, kadi ikagoma, inadai nafasi haitoshi, nami naiona tupu kabisa! Nilihangaika siku mbili, na muuza duka nikamtukana moyoni bila kosa. Kumbe kadi ilikuwa imepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalozidi GB 4, hata nafasi iwe kubwa kiasi gani. Niliipanga upya, yaani kuifomati, kwa mfumo mwingine uitwao exFAT, faili likaingia. (Kupanga upya kunafuta kila kitu kilichomo, kwa hiyo hamisha picha zako kwanza.) Kero ya pili ilikuwa kwenye programu: toleo nililolitoa Play Store halikuliona faili nililonakili kwenye kadi. Toleo la kwenye tovuti ya Kiwix wenyewe lililiona mara moja. Lakini liwe la tovuti yao kweli. Usisakinishe la kutumiwa kwenye kundi la WhatsApp, hata kama aliyetuma ni mchungaji wako.

Kilichonifanya niipende ni hotspot. Simu ya maktaba inarusha vitabu vyake, kompyuta zinajiunga na Wi-Fi ya simu hiyo, mwanafunzi anaandika anwani inayoonekana kwenye kioo, anasoma kwa kivinjari cha kawaida. Bando halitumiki hata chembe. Kompyuta zote sita zikitafuta kwa pamoja simu inapata moto kama pasi, basi naivua kava na kuiweka dirishani. Baridi ya Lushoto nayo ina kazi yake.

Sasa nyota niliyoizuia. Utafutaji wake hautujui sisi Waswahili. Haujui kwamba "miamba" na "mwamba" ni neno moja, kwa hiyo mtoto akiandika wingi na makala ikatumia umoja, anaweza kuambiwa hakuna kitu. Nimebandika karatasi ukutani: TAFUTA KWA UMOJA KWANZA. Halafu Wikipedia ya Kiswahili yenyewe ina makala fupi mno, hasa za kata zetu: postikodi, idadi ya watu wakati wa sensa, basi. Chini yake kuna maneno kwamba makala hiyo "bado ni mbegu". Binti mmoja wa kidato cha pili alinijia, "Shikamoo Madam, kwani kata yetu wanalima mbegu gani?" Nilicheka mpaka miwani ikaanguka. Nilipomweleza kuwa maana yake makala haijakua, inangoja mtu wa kuiongezea, alikasirika kabisa. Akasema hapo hata soko lao halikutajwa.

Vitabu vya kiada humo havimo. Hivyo utavipata Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na hapo bando linahitajika.

Kuna jambo walimu wenzangu wanalidharau, nami kama mkutubi silali nalo: tarehe. Jina la kila faili, kabla ya zile herufi zim, linaishia na mwaka na mwezi lilipotengenezwa. Mimi nimeliandikisha faili kwenye rejista kama kitabu kingine chochote, na namba yake, na mwezi wake. Mwanafunzi akinukuu, anaandika na mwezi huo. Mwalimu mmoja alitaka kulitumia kuhakiki ujumbe wa "serikali imetangaza jana" uliokuwa unazunguka kwenye kundi letu. Nikamwambia, Mwalimu, kitabu hiki kilifungwa kabla ya hiyo jana yako. Nilimwonyesha mishale miwili juu ya ujumbe wenyewe, alama ya WhatsApp kwamba umepita mikono mingi. Tangu 2020 ujumbe wa namna hiyo huwezi kuupeleka mbele kwenye zaidi ya mazungumzo mamoja kwa wakati mmoja, na wao waliona kuna sababu. Alipoingia kwenye tovuti ya wizara, tangazo hilo hakulikuta. Kwenye kundi hakurudi kusema.

Anayetaka kunakili toka kwangu anakaribishwa. Njoo na kadi au flashi ya GB 64 kwenda juu, iwe tayari imepangwa exFAT, na uwe na nafasi ya kusubiri, kwa sababu faili la Kiingereza linamaliza zaidi ya saa nzima. Usije saa nne. Saa nne ni chai, na kebo iliyopo ni moja.