Biskuti za Valentine kwa darasa zima: za umbo la moyo au za trei?

Huku Marekani, mtoto akipeleka kitu darasani Februari 14 hupelekea wenzake wote. Ukiwa na watoto wa madarasa mawili, ni biskuti kama hamsini.

Za umbo la moyo ndizo watoto wanazozishangilia. Ila donge lazima lilale kwenye friji saa moja hivi, ulisukume kama chapati hadi unene wa nusu sentimita, ukate, kisha mabaki uyakande tena. Kila ukirudia, unga wa kunyunyizia unaongezeka na biskuti zinakuwa ngumu. Halafu kuna ile sukari ya kupamba juu: ipe usiku mzima ikauke. Mwaka mmoja nilizipanga mapema, zikagandana, mioyo yote ikafutika!

Za trei unalibonyeza donge lote kwenye trei, unaoka kwa nyuzi 180 za Selsiasi (350 za Farenhaiti kwenye oveni za huku) dakika 25 hivi, unakata vipande vya mraba, unanyunyiza sukari nyekundu. Basi.

Siku ya kazi nachagua trei bila kusita. Za moyo nawawekea chekechea, wachache wao.

Uliza shule kwanza, lakini. Nyingi hazitaki karanga, na nyingine hupokea vya dukani vyenye lebo tu.