Barakoa za kitenge za soko la Kadutu

Kwa fundi cherehani mmoja wa soko la Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, nilinunua barakoa za aina mbili: ya kitenge kitupu kwa faranga 500, na ya matabaka matatu kwa faranga 1,500.

Ile ya kwanza siipendekezi. Ukiivaa na kupuliza mshumaa, unazimika papo hapo, na ingawa hicho si kipimo cha maabara, kinatosha kuonyesha jinsi pumzi inavyopenya kwa wepesi.

Ya pili inakaribia mwongozo ambao Shirika la Afya Duniani lilitoa Juni 2020: ndani pamba, katikati polipropilini isiyofumwa, yaani kitambaa cha nyuzi za plastiki, ambayo fundi huikata kutoka kwenye mifuko ya sokoni, na nje kitambaa kisichonyonya maji. Kasoro iko hapo nje, kwa sababu fundi ameweka kitenge, ambacho ni pamba na hulowa upesi. Mvua ikikunyeshea njiani, itakubidi uivue na kuvaa nyingine kavu.

Kazi yake kubwa ni kuyazuia matone ya mvaaji anapokohoa au kusema, zaidi ya kumkinga yeye mwenyewe, kwa hiyo ndani ya basi lililojaa mwenye mafua ndiye wa kwanza kuivaa. Utafiti uliofanywa katika vijiji vya Bangladesh wakati wa UVIKO-19 ulionyesha manufaa ya barakoa za hospitali, lakini kwa zile za nguo matokeo hayakuwa ya uhakika. Nao utafiti wa Vietnam wa mwaka 2015 ulikuta kwamba wahudumu wa afya waliovaa za nguo waliugua zaidi ya wenzao waliovaa za hospitali.

Nayataja haya kwa uchungu, kwa kuwa wapo wanaozinunua ili kumuuguzia nyumbani mgonjwa wa kifua kikuu. Ndugu zangu, msifanye hivyo: vijidudu vya ugonjwa huo huelea hewani katika chembe ndogo mno, na anayeuguza anahitaji barakoa ya N95, ile inayochuja chembe kama hizo, madirisha yaliyo wazi, na mgonjwa asiyekatiza dawa. Barakoa ya nguo imfae mgonjwa mwenyewe anapokohoa.

Kwenye ile ya matabaka matatu, waya wa puani umeshonwa vizuri, ila mipira ya masikioni hulegea kwa kufuliwa, na barakoa hii hutakiwa kufuliwa kila siku kwa sabuni na maji ya moto. Mwombeni fundi aweke kamba za kufunga kisogoni. Mashavuni haitaacha mwanya.