Darubini ya milimita 70: ya kwenye boksi na niliyoyaona mwenyewe Manyoni

Nyota 3 kati ya 5. Nimekaa nayo tangu mwezi wa tano, kwa hiyo sisimuliwi.

Tuanze na boksi. Limeandikwa 525x, yani inakuza mara 525, kwa maandishi makubwa, na pembeni kuna picha ya galaksi (mkusanyiko wa mabilioni ya nyota) ya bluu na pinki inawaka kama ukumbi wa harusi. Hiyo 525 ni ya kuuzia tu jamani. Kioo cha mbele ni milimita 70, na watu wa darubini wanahesabu mara mbili ya hapo, yani 140x hivi, ukizidisha unakuza ukungu. Lensi za macho mbili zilizomo zinakupa 35x na 70x na ziko poa kabisa, ila kale kalensi ka kuzidisha ukuzaji mara tatu nimekatupia kwenye droo. Stendi ndo majanga, ukiigusa tu Jupita limekimbia, mpaka nikaning'iniza mfuko wa mchanga katikati ndo ikatulia.

Jamaa wa dukani nilimuuliza, rangi ntaziona? Akasema zote kaka, zote. Hamna rangi. Na siilaumu darubini, ni jicho letu, kwenye mwanga hafifu halisomi rangi, galaksi zote unaziona kijivu. Kinachoniuma ni kwamba rangi ndo habari yenyewe. Nyota kubwa za bluu zinaishi miaka milioni kadhaa tu zinakufa, zile ndogo nyekundu zinadumu mabilioni, kwa hiyo galaksi ikiacha kuzaa nyota, bluu ndo inaondoka kwanza, inabaki njano njano. Ile ya kwenye boksi bado inazaa. Nilizoziona mimi nyingi zilishaacha zamani.

Mwezi wa sita nikaenda nayo kwa mjomba Manyoni, kiangazi, baridi kali, giza la maana. Saa mbili usiku Mashuke, lile kundi la nyota wanaloliita Virgo, yako juu kabisa. Nikaipata galaksi ya Sombrero, kimstari kidogo kama punje ya mchele, halafu galaksi mbili, M84 na M86, pamoja kwenye lensi moja, halafu galaksi ya M87, kiduara cha ukungu ambacho mwanga wake umesafiri miaka kama milioni 54 kunifikia. Mi nimeishiwa pumzi, nikamwita mjomba. Akachungulia weee, akasema, "Mjomba, mbona umenionyesha moshi tu?" Nikamwambia huo moshi una nyota zaidi ya hizi zetu zote, ila hauzai tena. Akauliza swali ambalo hata mi nilikuwa nalo kabla sijasoma: "Kwani gesi imewaishia?"

Haijaisha! Hapo ndo utamu ulipo. M87 imezungukwa na gesi ya kumwaga, ila ni ya moto, mamilioni ya nyuzi joto, darubini za eksirei zinaiona vizuri. Na nyota haitoki kwenye gesi ya moto, lazima ipoe sana ndo ijikusanye. Mjomba anafuga, nikamwambia ni kama maziwa, yakiwa bado jikoni hayagandi hata uyasubirie mpaka asubuhi, lazima uepue. Sasa pale M87 kuna mtu anachochea kuni. Ni shimo jeusi la katikati, kitu kizito ambacho kikishameza hata mwanga hautoki, lile lililopigwa picha ikatoka Aprili 2019, uzito wake kama jua bilioni 6.5. Gesi ikipoa kidogo, kiasi kinaangukia kwenye shimo, shimo likila linatema nguvu nyingi nje, gesi inapata moto upya. Yani kila maziwa yakitaka kuganda yenyewe yanaongeza kuni. Mjomba akacheka akasema huyo mpishi ana roho mbaya.

Si zote zinaishia hivyo lakini. Kule kule Mashuke kuna galaksi zinaingia kwenye hiyo gesi ya moto kwa kasi mpaka yao inapeperushwa, kama kofia ukiwa nyuma ya bodaboda, nyota zinaendelea na safari ila gesi imebaki njiani. Nyingine hakuna anayeipora, haiongezewi tu gesi mpya, inapungua taratibu. Na usidhani ni uzee, darubini ya James Webb imeona moja iliyokuwa imeshaacha kuzaa wakati ulimwengu una miaka milioni 700 tu. Sielewi iliharakia wapi.

Iliyonipendeza zaidi ni galaksi ya Centaurus A, iko kusini na huku kwetu inapanda vizuri, wenzetu wa Ulaya wengi hawaipati. Ni mzee kama M87 ila ilimeza galaksi nyingine yenye gesi na vumbi, na kwenye huo mkanda wa vumbi nyota zinazaliwa sasa hivi. Kwa 35x ukitulia macho unahisi kamstari keusi kamepita katikati. Nasema unahisi, sisemi unaona.

Kwa hiyo kama unataka pete za Zohali na mashimo ya mwezi, nunua, utafurahi. Kama unataka galaksi, weka nauli ya kutoka mjini kwenye bajeti, na nusu saa ya kukaa gizani bila kushika simu ili macho yazoee. Dar hata Sombrero sijawahi kuipata. Nyota mbili nimekata kwa ajili ya stendi na ile 525. Mjomba ameniambia nikirudi niiache kwake.