Nahodha wa Miaka 17: Kitabu Kilichonikosesha Usingizi, Kisha Kikaniudhi

Haya haya haya, jamani, karibuni tena. Asalaam aleikum, hamjambo. Mlioingia mkitafuta uchambuzi wa simu, kaeni tu, simu itakuja wiki ijayo inshallah. Leo nina kitabu. Ah ah, usiondoke! Nawajua nyie, mkisikia kitabu tu kidole kishakimbilia video nyingine. Nipe dakika mbili. Usiponogewa, nenda salama, wala sitakununia.

Ndiki hapa. Midshipman's Hope, cha David Feintuch, Mmarekani, kilichotoka 1994. Ni hadithi ya kubuni ya sayansi, upande wa kijeshi, yaani wanamaji wa anga za juu. Kurasa ngapi, maandishi makubwa au madogo, hayo mtayaona wenyewe mtandaoni, siwapotezei muda. Kwa ufupi: mwaka ni 2194. Meli ya anga yaitwa Hibernia, mali ya jeshi la wanamaji la Umoja wa Mataifa, imebeba mabaharia na abiria kuwapeleka koloni ya mbali iitwayo Hope Nation. Safari yenyewe ni ya zaidi ya mwaka. Ndani yumo kijana Nicholas Seafort, ana miaka 17, ofisa mwanagenzi, yule wa kutumwa na kukaripiwa. Chombo kidogo kinalipuka, nahodha na maluteni wawili wanakufa kwa mpigo. Anabaki luteni mmoja. Naye akishika unahodha haendi mbali, kansa inamwondoa.

Msiseme nimewaharibia hadithi! Hayo yote ni mwanzo, yameandikwa mpaka kwenye jalada la nyuma. Utamu uko katika swali linalofuata: sasa meli ni ya nani?

Hapo ndipo nataka tukae. Ngoja nishushe kamera kidogo... mwaiona meza? Subiri tuktuk ipite. Hii barabara ya nyuma ya soko nayo! Haya.

Nimepanga vikombe vya kahawa. Hiki chenye ukingo wa dhahabu ndiye nahodha. Nyuma yake hivi vitatu ni maluteni. Nyuma yao vinne, hivi vilivyomeguka meguka, ndio maofisa wanagenzi: Seafort, Vax Holser, Alexi Tamarov na Sandy Wilsky. Sasa tazameni pembeni, nimeweka bilauri tatu. Bilauri hii ni mhandisi mkuu, mtu mzima, mtulivu, injini yote iko kichwani mwake. Hii ni rubani, ndiye ajuaye njia. Hii ni daktari, Dokta Uburu, mama mwenye akili kuliko wote melini, kwa maoni yangu.

Naondoa kikombe cha dhahabu. Naondoa maluteni wawili. Huyu wa tatu nasogeza mbele, anakaa kidogo... naye namwondoa. Meza imebaki na nini? Bilauri tatu za watu wazima wenye ujuzi, na vikombe vinne vya watoto.

Nilipofika hapo nilisema, si basi? Mhandisi achukue. Au rubani. Wewe pia ungesema hivyo. Hapana! Bilauri haziko kwenye safu. Mhandisi, rubani na daktari ni maofisa wa fani, wana heshima zao, wana mishahara yao, lakini ngazi ya amri haipiti kwao. Inashuka kwa vikombe peke yake. Hata mhandisi akiwa na mvi kichwa kizima, kijana wa miaka 17 akitoa amri yeye anasimama wima na kusema ndiyo bwana.

Bado, sijamaliza. Katika hivi vinne, nani? Vax Holser ndiye mkubwa wa umri, ana mwili wa mpagazi wa bandari, wenziwe wanamwogopa, na ukiniuliza mimi hata kazi anaijua zaidi. Anamchukia Seafort waziwazi. Lakini tarehe ya kupata cheo ndiyo inayoamua. Seafort alitangulia kupata chake. Yamekwisha. Anatangulia yeye. Kikombe hiki, kilichovunjika mkono, nakisogeza... pale mbele.

Na hawezi kukataa! Hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Anataka kumwachia Holser, sheria haimruhusu. Nahodha hawezi kuamka asubuhi akasema, jamani nimechoka, shikeni nyie. Kiapo alichoapa kimemfunga, na katika ulimwengu wa kitabu hiki dini na serikali vimeshikana, kwa hivyo kuvunja kiapo kwake ni kumkosea Mungu moja kwa moja. Sisi watu wa pwani tuliolelewa tukiambiwa usiape ovyo, tunamwelewa huyu kijana bila kufafanuliwa.

Kuna mtu lazima ataandika kwenye maoni, eti mtoto kuwa nahodha ni porojo. Sikia. Jeshi la wanamaji la Uingereza enzi za matanga liliwachukua watoto. Nelson, yule amiri wao mashuhuri, aliingia melini 1771 akiwa na miaka 12. Kufika 1779 alikuwa na cheo kamili cha nahodha, umri miaka 20. Feintuch hakuzua kitu, amechukua jeshi la matanga akalirusha juu. Tena ametafuta sababu ya kisayansi: injini za meli hizi zatoa mawimbi yanayoleta kansa, ila ukianza safari ukiwa bado kijana mdogo hatari inapungua sana. Ndiyo maana wanaajiri watoto. Umeona ujanja huo? Waandishi wengi wangeweka watoto tu, basi, tukubali.

Na hakuna wa kumpigia simu. Hili nalo wengi hulipita. Mwanga wenyewe, ambao hakuna kitu chenye mbio kuushinda, kutoka kwetu hadi nyota ya jirani kabisa baada ya jua wachukua miaka 4.2. Ukituma ujumbe wa redio leo kuuliza "bosi, nifanye nini", mwanao anayeanza darasa la kwanza leo atakuwa darasa la nne kabla haujafika, na jibu bado halijaanza kurudi. Katika kitabu ni meli hizi za kubuni peke yake zinazoushinda mwanga, basi habari hubebwa na meli, kama barua. Kwa hivyo kuna hukumu ya kifo inamsubiri huyu kijana mezani, ya mabaharia, na sahihi ni yake peke yake. Sisemi alifanya nini.

Sasa linganisha na majahazi yetu. Nahodha akifariki njiani, Mungu apishe mbali, watu watamtazama yule anayezijua nyota na miamba, hata akiwa ndiye mpishi. Ujuzi kwanza. Hibernia ni kinyume, karatasi kwanza. Kitabu kizima kinapigana na swali hilo, nani bora, na kwa haki kinakupa sababu za pande zote mbili. Maana siku melini kuna fujo, ukianza kuuliza nani anajua zaidi, kila mtu atasema ni yeye.

Hebu niwaambie kitu, watu wa Malindi. Tusijifanye mambo ya anga ni ya wengine. Hapo Ngomeni, mwendo mfupi tu kaskazini yetu, Waitaliano walisimamisha majukwaa baharini, San Marco na Santa Rita, wakarusha roketi kuanzia 1967 hadi 1988. Baharini! Tarehe 12 Desemba 1970 iliruka pale setilaiti ya Wamarekani, ya kwanza duniani kupewa kazi ya kutazama nyota kwa miali ya eksirei, ikapewa jina Uhuru kwa sababu siku ile ilikuwa sikukuu yetu ya Jamhuri na Uhuru. Wazee wa Ngomeni walioona moshi ule wapo. Halafu kijana wa hapa anaambiwa hadithi za anga si za kwetu. Hebu!

Na 1498 je? Da Gama alifika hapa hajui njia ya kwenda India. Mfalme wa Malindi akampa rubani, akavushwa hadi Calicut. Nguzo iliyo pale juu ya mwamba, ile ya kupigia picha za harusi, ni ya nani? Ya Mreno. Rubani alikuwa bilauri, basi, hakuwa kwenye safu. Niliposoma rubani wa Hibernia akipigiwa kelele na kijana wa miaka 17 nilimfikiria yule mtu wetu.

Sawa, nimesifu mno, sasa maudhi. Maana yapo.

La kwanza, huyu Seafort hajipendi hata chembe. Anafanya jambo zuri, watu wanapona, wewe msomaji unataka kupiga makofi, yeye anajifungia chumbani kujilaani. Mara ya kwanza nilimhurumia. Baadaye nikawa nasema kwa sauti, mke wangu shahidi: "Wewe kijana, kunywa maji, lala!" Kila sura. 

La pili, viboko. Hawa maofisa wanagenzi ni maofisa kwa jina, ila wakikosea wanainamishwa na kuchapwa. Mwandishi anaona ni sehemu ya nidhamu, na mhusika mwenyewe anaona hivyo. Mimi nimesoma shule enzi za bakora kabla hazijapigwa marufuku 2001, na sikumbuki mtu aliyejifunza hesabu kwa njia ile. Mara moja ningeelewa, inaonyesha dunia ilivyo kali. Lakini mwandishi anairudia mpaka nikahisi anaipenda. Nilipoanza kurekodi nilitaka kumpa nane juu ya kumi. Nikikumbuka bakora hizi, sijui. Tuendelee.

Wapinzani. Mtaniuliza kuhusu On Basilisk Station cha David Weber, cha 1993, kwa sababu yule ndugu yetu wa Mombasa mwenye taa nyingi alikisifu mpaka akakaukiwa. Ni kizuri. Honor Harrington ni kamanda hasa, na vita vyake vya mwisho vinatisha. Lakini Weber katikati ya mapigano anasimama kukueleza injini ilivumbuliwaje, kurasa na kurasa, makombora yamesubiri hewani kwa adabu. Ukipenda hesabu za silaha, nenda kwake. The Warrior's Apprentice cha Lois McMaster Bujold, 1986, hicho ndicho kitakuchekesha: Miles, naye miaka 17, anavunjika miguu yote miwili kwenye mtihani wa kuingia chuo cha jeshi, halafu kwa uongo baada ya uongo anajikuta na kundi la mamluki. Seafort hawezi kusema uongo hata kwa paka. Ukiwasoma hao wawili mfululizo utadhani ni matibabu.

Subiri, stima imecheza kidogo, mwanga umebadilika? Mwaniona? Sawa.

Habari za chaneli haraka haraka. Mliolalamikia sauti kwenye video ya feni, hiki ni kipaza sauti kingine, nimekifunga kwenye kanzu, upepo wa kusi ukivuma mtaniambia. Ijumaa baada ya isha tutakuwa moja kwa moja, maswali yote. Na video ya zile spika nimeitoa kwa sababu muuzaji amebadilisha bei, sitaki mtu aje kunidai.

Bei ya kitabu, basi. Mimi nilitaka cha karatasi, nikaagiza kilichotumika kutoka ng'ambo. Kitabu chenyewe rahisi, usafirishaji ndio uliokula pesa, na kilifika na kona imeng'atwa na sijui mnyama gani. Toleo la kielektroniki lipo, ni nafuu, na kwa kitabu cha namna hii, cha kusomwa usiku kwa pupa, linatosha. Usilipe bei ya kitabu kipya kwa nakala kuukuu eti kwa sababu ni ya 1994. Kiingereza chake si kigumu, aliyemaliza kidato cha nne anapita, ila vyeo vitamsumbua mwanzoni. Pangeni vikombe.

Mfululizo ni vitabu saba. Feintuch alikuwa mwanasheria kabla ya kuandika, na inaonekana, kwa namna anavyokufungia mlango kwa kifungu cha kanuni. Alifariki 2006. Anza na hiki hiki cha kwanza, usidanganywe na mtu anayekuuzia cha tano kwa sababu ndicho alichobaki nacho kibandani. Cha tano utaingia hujui nani ni nani, utanilaumu mimi.

Alama: saba. Ile sehemu ya kurithi unahodha peke yake ningeipa tisa, bakora zimekula moja na nusu, kujilaani kumekula iliyobaki. Mwenye mtoto wa miaka 13 apitie mwenyewe kwanza, kuna kunyongwa humu.

Kura iko hapo chini: nifuate cha pili cha Seafort, au nimgeukie Miles? Na atakayeuliza kipaza sauti nimekipata wapi, ni cha mkono wa pili, hakina waranti, na muuzaji alikuwa nacho kimoja tu.